Bei ya Kaseti Isiyochezwa

Mnamo Julai 11, 2021, katika mnada ulioendeshwa na nyumba ya Heritage yenye makao yake Dallas, Marekani, kaseti moja ya mchezo wa video uitwao Super Mario 64 ilinunuliwa kwa dola 1,560,000. Kaseti hiyo haikuwa ya dhahabu, wala haikuwa na saini ya mtu mashuhuri. Hata adimu haikuwa, kwani kampuni ya Nintendo imeuza nakala zipatazo milioni 12 za mchezo huo tangu ulipotoka Japani Juni 23, 1996. Sifa yake ilikuwa moja tu: tokea siku ilipotoka kiwandani, hapana mkono wa mtoto wala wa mtu mzima uliopata kuichomeka katika mashine.

Tokea siku hiyo wamezuka watu wasemao kwamba michezo ya video sasa imepata heshima yake, kwamba imekaribishwa baraza moja na picha za wachoraji wakubwa na vitabu vya chapa ya kwanza. Makala haya yanaipinga kauli hiyo. Kilichotukuzwa siku ile hakikuwa mchezo, bali utando wa nailoni unaozunguka sanduku la karatasi. Na katika kuutukuza utando huo, wenye fedha wameanza kukiharibu kitu ambacho wasiokuwa na fedha walikuwa wakikitunza vizuri kwa miaka mingi bila ya kushangiliwa na mtu, nacho ni biashara ya kaseti zilizokwisha tumika.

Natumia neno kaseti kama tulivyozoea kusema, ijapokuwa ndani yake hamna utepe. Mna kipande cha ubao wenye chipu moja au mbili na safu ya meno ya shaba. Na kwa msomaji aliyepitwa na mambo haya, nieleze kwa ufupi. Mario ni fundi bomba mwenye masharubu, aliyebuniwa na Shigeru Miyamoto wa Nintendo. Michezo yake ni ya aina ile ambayo mhusika hukimbia, huruka mashimo, hukanyaga maadui na kupanda kutoka jukwaa moja hadi jingine. Super Mario Bros., uliotoka Septemba 1985, ndio uliozifanya nyumba nyingi za Japani na Marekani ziijue aina hiyo. Programu yake nzima, pamoja na picha zake na muziki wa Koji Kondo, imo ndani ya kilobaiti 40. Picha moja ya harusi tunayotumiana kwa simu hivi leo huwa nzito kuliko hiyo.

Ni vyema tukae hapa kidogo, maana ni hapa wanapokosea wanunuzi wa utando. Hatua ya kwanza ya Super Mario Bros. haina neno hata moja la maelekezo. Mario amesimama upande wa kushoto, na mbele yake upande wa kulia pana nafasi tupu. Mchezaji hujua mwenyewe kwamba njia ni huko. Mara anatokea adui mdogo anayetembea polepole. Asiyeruka hufa, na hurudishwa mwanzo baada ya hatua chache tu alizopiga, kwa hiyo hapotezi kitu isipokuwa ujinga. Akirudi huruka, na akiruka pengine kichwa chake hugonga tofali lenye alama ya kuuliza, nao uyoga hutoka, hukimbia upande wa kulia, hugonga bomba na kumrudia yeye. Anataka kuukimbia, lakini nafasi ni finyu. Unamgusa, naye anakua. Kwa muda usiotosha kumaliza kikombe cha chai amekwisha fundishwa kanuni za ulimwengu mzima, na mwalimu wake hakufungua kinywa. Mwandishi yeyote wa tamthilia angeona fahari kuwa na onyesho la kwanza la namna hiyo. Lakini onyesho hilo halimo katika sanduku, wala katika ubao wa chipu peke yake. Limo katika kidole cha mchezaji kinapokutana na kitufe. Kaseti isiyochezwa haina onyesho hilo kabisa, kama vile ngoma iliyotundikwa ukutani isivyokuwa na mlio.

Sasa tazama jinsi nakala hizi zinavyopimwa. Kampuni ya Wata ya Marekani, ambayo ndiyo iliyoipa daraja ile kaseti ya Julai 2021, hupokea kaseti pamoja na sanduku lake, hulipima sanduku kwa nambari zinazofika 10 na utando kwa herufi zinazofika A++, kisha huvifungia vyote ndani ya kasha gumu la plastiki angavu. Nakala ile ilipata 9.8 na A++. Kinachotazamwa ni pembe za sanduku, mikunjo ya karatasi, kufifia kwa rangi, mipasuko ya utando. Hapana hata kipimo kimoja kinachougusa mchezo. Wala haiwezekani kuwapo, kwa kuwa kuujaribu mchezo ni kuuchana utando, na kuuchana utando ni kuitupa milioni moja na nusu jalalani. Kwa hiyo mnunuzi amelipa fedha zile pasi na kujua kama kaseti yake inawaka! Fundi redio wa Darajani hakuuzii redio kwa masharti hayo.

Watetezi wao wana hoja tatu, nami nitazijibu ingawa si zote zinazostahiki nafasi sawa.

Hoja ya kwanza ni kwamba bei kubwa ni heshima kwa sanaa. Hili limekwisha jibika: nakala ya mchezo ule ule iliyofunguliwa, yenye programu ile ile herufi kwa herufi, huuzwa kwa makumi machache tu ya dola. Ikiwa kazi ya Miyamoto ndiyo iliyolipiwa, basi kwa nini kazi hiyo hiyo iwe na thamani ya makumi pale inapoweza kuonekana, na ya milioni pale isipoweza? Fedha ile haikumsifu Miyamoto. Imemsifu mfanyakazi asiyejulikana aliyeisimamia mashine ya kufungia masanduku.

Hoja ya pili ni kwamba mali ni ya mwenye mali, na soko ndilo lijualo bei. Hapa yafaa kukumbushana safari ya soko lenyewe. Februari 2019 nakala ya Super Mario Bros. iliyofungwa kwa stika iliuzwa dola 100,150, na watu wakashika vichwa. Julai 2020 nyingine iliuzwa 114,000. Aprili 2021 nyingine ikafika 660,000. Hiyo ilikuwa zawadi ya Krismasi ya mwaka 1986 iliyosahauliwa ndani ya mtoto wa meza. Agosti 2021 ikatangazwa nyingine kwa dola 2,000,000, kupitia kampuni ya Rally inayouza hisa za vitu vya kale, ambapo mtu hununua kijisehemu cha kaseti asichoweza hata kukishika. Mwezi huo huo ulitangazwa uchunguzi uliodai kwamba baina ya wapimaji, wauza mnada na baadhi ya wanunuzi palikuwa na uhusiano wa karibu kupita kiasi, na Mei 2022 kampuni ya Wata ikafunguliwa kesi ya pamoja katika mahakama ya California. Waliotuhumiwa walizikana tuhuma. Mimi si hakimu, wala hoja yangu haitegemei hukumu. Hata kama kila aliyenyanyua mkono mnadani alikuwa mwaminifu kama kadhi, ukweli unabaki kwamba bei ya kitu kilichochapishwa mamilioni iliparuka katika miaka miwili bila ya kitu chenyewe kubadilika hata chembe. Soko la namna hiyo halijui bei ya mchezo. Linajua tu bei ya jana.

Hoja ya tatu ndiyo yenye uzito, nayo ni ya hifadhi. Wanasema: lau si sisi, nakala safi zingepotea, na vizazi vijavyo visingejua zilivyokuwa zilipotoka kiwandani. Nakiri kwamba sanduku ni sehemu ya khabari. Picha yake, kitabu chake cha maelekezo, harufu ya wino wake, vyote vina historia. Lakini ni nani awezaye kukisoma kitabu kilicho ndani ya sanduku lililofungwa ndani ya utando uliofungwa ndani ya kasha? Vitabu hivyo tunavisoma leo kwa sababu wako watu walionunua nakala zilizokunjika na kuchakaa, wakazifungua, wakazipiga picha ukurasa kwa ukurasa. Hao ndio wahifadhi. Na sisi watu wa mwambao hatuhitaji kufundishwa jambo hili kutoka Dallas. Tenzi zetu za kale zilizoandikwa kwa khati za Kiarabu hazikutufikia kwa kuwa mtu fulani alizifunga asizisome. Zimetufikia kwa kuwa zilikaririwa, zikaazimwa, zikanakiliwa na mkono huu na ule, zikala jasho la vidole na moshi wa taa. Nakala zilizofungiwa makashani mara nyingi ndizo zilizoliwa na mchwa.

Tena liko jambo ambalo wanunuzi wa utando hawalitaji, na ambalo kwangu mimi linamaliza ubishi. Kaseti ya Super Mario 64 ina nafasi nne za kuwekea kumbukumbu ya mchezaji, zilizopewa herufi A mpaka D, na kumbukumbu hizo hukaa ndani ya chipu isiyohitaji betri. Mchezo mzima una nyota 120. Nyota 70 zinatosha kumfikisha mchezaji kwa adui wa mwisho. Nunua leo kaseti ya mtumba, ichomeke, na mara nyingi utakuta nafasi A ina nyota 120, nafasi B ina 71, nafasi C ina 9, nafasi D haina kitu. Hiyo ni nyumba nzima ya watu. Pana mkubwa aliyemaliza kila kitu, pana wa pili aliyetaka tu kufika mwisho, pana mdogo aliyepewa zamu akachoka, au pengine mzazi aliyejaribu siku moja ya mapumziko. Hapana aliyeandika khabari hizo kwa makusudi, nazo zimekaa pale kwa zaidi ya robo karne. Nakala iliyotumika basi ina kila kilichomo katika nakala iliyofungwa, na juu yake ina maisha ya watu. Kwa hesabu gani ya akili, iliyo na vingi iwe rahisi na iliyo na vichache iwe ghali?

Vivyo hivyo kwa alama za nje. Jina la mtoto lililoandikwa kwa kalamu ya wino mzito juu ya lebo, stika ya duka la kukodisha, kona iliyotafunwa na mbwa: vyote hivi kwa wapimaji ni kasoro, na wako wauzaji wanaokesha kuvifuta kwa madawa mpaka lebo yenyewe inapauka. Stika ya duka la kukodisha ni ushahidi wa namna watu wa miaka ile walivyoipata michezo hii bila ya kuwa na uwezo wa kuinunua. Anayeibandua anafuta historia, kisha anatudai malipo kwa kazi hiyo.

Nisieleweke kwamba nawachukia wakusanyaji. Mkusanyaji mwenye kucheza ni mtu wa maana sana. Huyo hujua kwamba kaseti isiyowaka haipulizwi kwa mdomo, maana unyevu wa pumzi huyala meno ya shaba. Husafishwa kwa pamba na spiriti. Huyo ana bisibisi ya milimita 3.8 ya kufungulia parafujo za Nintendo, na huifungua kaseti kabla ya kulipa fedha nyingi ili aone kama ubao wa ndani ni wa kiwandani au ni wa kughushi. Ujuzi huu wote hufa pale kaseti inapofungiwa kashani, kwa kuwa hapo hapana cha kusafisha wala cha kufungua.

Na khatari iliyopo si ya watu wa Dallas peke yao. Michezo mingi ya zamani haipatikani tena kwa njia yoyote isipokuwa mtumba. Julai 2023 taasisi ya Video Game History Foundation ilitoa utafiti ulioonyesha kwamba asilimia 87 ya michezo ya zamani iliyotolewa Marekani kabla ya mwaka 2010 haiuzwi tena na wenyewe. Nintendo ilizifunga duka za mtandaoni za mashine zake za Wii U na 3DS Machi 27, 2023. Super Mario 64 nao, ulio maarufu kuliko yote, ulirejeshwa Septemba 2020 ndani ya mkusanyiko uitwao Super Mario 3D All-Stars, kisha kampuni ikaacha kuutoa Machi 31, 2021, kana kwamba ni embe ambalo msimu wake umekwisha. Miezi mitatu na siku chache baadaye ndipo ukafanyika ule mnada. Oktoba 2021 mchezo ukarejea kwa njia ya ada ya uanachama, ambako mtu hamiliki kitu bali anaazima kwa muda anaoendelea kulipa.

Kaseti haina masharti hayo. Aliyeinunua aweza kuiuza, kuigawa, kuirithisha. Haki hiyo haikushuka kutoka mbinguni. Huko Japani watengenezaji walikwenda mahakamani kuwazuia wenye maduka wasiuze michezo iliyotumika, na ni Aprili 25, 2002 tu ndipo Mahakama Kuu ya Rufaa ya nchi hiyo ilipoamua kwamba kuuza mtumba si kuivunja haki ya mwenye mchezo. Kwa hukumu hiyo duka la mtumba lilithibitishwa kuwa maktaba ya watu wa kawaida, maktaba isiyokuwa na mkutubi wala fedha za serikali. Kuigeuza maktaba kuwa soko la hisa ni kuwafukuza wasomaji.

Tazama yaliyoupata mchezo wa Little Samson, uliotolewa mwaka 1992 kwa jina la Taito wakati mashine ile ya kwanza ya Nintendo ilikuwa ikiagwa. Ni mchezo wa kuruka na kupanda wenye wahusika wanne wa kubadilishana, mzuri kupita michezo mingi iliyosifiwa zaidi, nao uliuzwa kwa uchache. Kwa zaidi ya miaka 25 baadaye haukutolewa tena, hivyo kaseti ya zamani ikawa ndio mlango pekee halali. Mlango huo leo unataka zaidi ya dola elfu moja, hata kwa kaseti tupu isiyo na sanduku. Matokeo yake ni nini? Mwenye kutaka kuucheza ananunua nakala ya kughushi, na mwenye nakala ya kweli anaogopa kuichomeka isije ikaharibika. Mchezo upo, wapenzi wake wapo, lakini wamekatazwa kukutana.

Wengi waliokulia Unguja, Mombasa, Dar es Salaam au Maskati katika miaka ya 1990 hawakumjua Mario kwa sanduku la Nintendo hata kidogo. Walimjua kwa mashine za kuigiza zilizotengenezwa Taiwan na China, zenye kaseti za manjano zilizoandikwa kwamba ndani yake mna michezo 9,999, ambayo ukiihesabu vizuri ilikuwa michezo michache iliyorudiwarudiwa kwa majina tofauti. Sisifu wizi wa haki za watu. Nasema tu kwamba katika soko lile swali la mnunuzi lilikuwa moja, nalo ni: inawaka? Hapakuwa na aliyeuliza pembe za sanduku, kwa kuwa aghalabu sanduku halikuwapo. Watu waliolelewa na swali hilo wana haki, nami nadhani wana wajibu, wa kusema neno pale wanapoambiwa kwamba kaseti bora kuliko zote duniani ni ile isiyojulikana kama inawaka.

Ikiwa ni lazima tupange bei, basi na tuipange upya. Ya juu iwe ya kaseti iliyojaribiwa mbele ya mnunuzi, yenye ubao wa asili na meno safi. Kitabu cha maelekezo kiongeze thamani ikiwa kinasomeka, hata kama kimeandikwa pembeni kwa penseli njia za siri. Lebo yenye jina la mwenyewe wa kwanza isipunguze senti. Kaseti za Super Mario World, uliotoka Japani mwaka 1990, hutunza kumbukumbu kwa betri iliyochomelewa kwenye ubao, na betri hizo zinakufa moja baada ya nyingine. Aliyeibadilisha vizuri alipwe kazi yake. Na muuzaji anayefuta mafaili ya wenzake waliotangulia ili kaseti ionekane mpya, ajue kwamba kwa mnunuzi kama mimi ameishusha bei.